Nafasi Aliyoikataa Suyi

Kama kuna kitu ambacho Ran Suyi alikichukia kuliko jua la Seremban, ni kicheko cha Dou Miaomiao. Kilikuwa kicheko cha kutupa kichwa nyuma na kupiga meza, na kila kiliposikika kantini watu waligeuka, na wakishageuka walitabasamu. Mama muuza wali alitabasamu. Wahadhiri walitabasamu. Hata mlinzi wa maktaba, ambaye uso wake ulikuwa umekunjamana kama risiti iliyofuliwa mfukoni, alitabasamu. Suyi alikuwa akipita mbele ya mlinzi yule kila siku tangu afike Malaysia, anainamisha kichwa kwa heshima, na hajawahi kuonyeshwa hata jino moja.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Miaomiao alikuwa mtu wake. Suyi ndiye aliyempokea uwanja wa ndege, akamkokotea sanduku, akamtafutia chumba katika nyumba ile ile aliyopanga yeye, akamwonyesha duka linalouza pilipili za kwao na basi la kupanda siku ya mvua. Wanafunzi wa Kichina walioko ugenini wana desturi hiyo: aliyetangulia ni dada, aliyefuata ni mdogo, na dada hana budi kumbeba mdogo mpaka ajue kutembea. Suyi alimbeba vizuri. Ndani ya muda mfupi mdogo akajua kutembea, akaanza kukimbia, na dada akabaki nyuma na sanduku la watu mkononi.

Suyi alizaliwa katika mji mdogo wa milimani huko Guizhou, kwa mama aliyekuwa fundi wa kuchachusha pilipili na fundi wa kulea. Somo la kwanza alilompa binti yake lilikuwa la kupokea. Ukienda kwa watu wakikupa pipi, unasema hapana, asante. Wakikupa tena, unasema hapana, nimeshiba. Wakikusukumia mkononi mara ya tatu, hapo sasa unapokea kwa mikono miwili, na uso uonyeshe kwamba umelazimishwa. Anayedaka mara ya kwanza hana malezi. Anayetoa mara moja akaacha, huyo tangu mwanzo hakutaka kutoa. Mtaa mzima ulilijua hilo bila kufundishwa darasani, na Suyi alikuwa akisifiwa na majirani mpaka watoto wenzake wakamchukia.

Alikuja Malaysia baada ya kuanguka mara mbili mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili kwao. Kwao wana neno la kejeli kwa shahada za nchi za karibu namna hii: shahada ya maji, yaani iliyozimuliwa. Binamu yake aliyepata chuo Shanghai alimtumia pongezi pamoja na picha ya glasi ya maji. Suyi akamjibu kwa picha ya ua, halafu akashinda siku nzima akiifungua tena ile picha ya glasi. Kwa hiyo Miaomiao asisingiziwe kila kitu. Kijiba cha roho kilikuwapo kabla yake. Yeye alikuja akakinenepesha.

Katika maabara ya chakula ya Profesa Zaleha, Suyi alipata kazi iliyomfaa kama glavu. Doriani iliyoiva kupita kiasi, lile tunda la miiba lenye harufu kali, ukiitia chumvi na kuifunika isipate hewa, huchacha ikawa kitoweo ambacho Wamalay hupikia samaki na hukiita tempoyak. Wanafunzi wengine waliingia mle wameziba pua. Suyi alivuta pumzi akaona kama amerudi jikoni kwa mama yake. Alizipenda chupa zile. Alizisikiliza zikitoa vipovu, akazifuta shingo, akazisogeza jua lilipogeuka. Nusu ya kazi ambayo maabara ile ilijivunia ilitoka mikononi mwake, na Profesa alilijua hilo.

Lakini maabara haikuwa chupa peke yake. Kulikuwa na mikutano. Kila Jumatatu Profesa, mwanamke mfupi mwenye mtandio uliopigwa pasi na mwendo wa mtu aliyeachwa na treni, aliwakusanya wanafunzi wake akawauliza, "Haya, mnasemaje?" Suyi alikuwa na la kusema daima. Aliliunda kwanza kwa Kichina, akaligeuza Kiingereza, akakagua kitenzi, akajiuliza kama litamwaibisha aliyetangulia kusema, na lilipokuwa tayari watu walikuwa wanarudisha viti. Alikotoka, mwanafunzi hungoja mwalimu amtaje jina. Huku, mwalimu alingoja mwanafunzi ajitose. Basi wakawa wanangojeana hivyo kwa heshima kubwa, mwaka ukaisha.

Miaomiao hakungoja mtu. Alitoka Mudanjiang, kaskazini kabisa, kwenye baridi ya kugandisha kope, na watu wa huko wanasifika kwa kusema shida yao mlangoni kabla hawajavua viatu. Kiingereza chake kilikuwa gari bovu lisilo breki, na alilipanda hivyo hivyo.

"Prof, doriani yangu imekufa," angesema.

"Imekufa lini?"

"Jumamosi. Mimi nalala, yenyewe inakufa. Haikuaga."

Watu wangeangua kicheko, na Profesa angefuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha angesimama ubaoni kumweleza pole pole alipokosea. Suyi, ambaye doriani zake hazikuwahi kufa, hakuwahi kusimamiwa ubaoni hata siku moja. Alikaa pembeni na sarufi yake safi, roho ya kwa nini ikimtafuna. Kwa nini yeye? Ana nini? Sentensi tatu, makosa manne, na bado wanampenda! Alijaribu mara moja kucheka kama Miaomiao mbele ya kioo cha bafuni, akaona anafanana na mtu anayeumwa jino, akaacha.

Habari ya nafasi aliileta Liew Kah Meng, kijana Mchina wa hapo hapo Seremban, mwenzao wa maabara. Suyi alipofika alidhani Kah Meng atakuwa ndugu, maana uso mmoja, lugha moja. Kah Meng akamwambia, "Mimi Mmalaysia, dada. Ndugu zangu wako Ipoh, si China." Lakini alikuwa mtu mwema, na mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Prof amepata nafasi ya mtu mmoja," alisema siku hiyo, anakoroga chai. "Masomo ya uzamivu, na juu yake usaidizi wa maabara. Mmoja tu."

"Ni ya dada Suyi hiyo," Miaomiao akadakia. "Nani mwingine?"

"Acha maneno yako," Suyi akasema, uso ukiwaka kwa furaha. "Wako wengi wanaofaa."

Nafasi ile ilikuwa kila kitu. Bila hiyo, akimaliza shahada kibali chake cha kukaa kingekwisha, na huko nyumbani mambo yalikuwa yameshapangwa. Mjomba alikuwa amemwekea kiti katika ofisi ya kodi ya wilaya. Mama alikuwa amemwekea mwanamume wa ofisi hiyo hiyo, mwenye gari na upara. Na binamu wa Shanghai angekuwa kwenye kila karamu ya mwaka mpya, akimuuliza kwa upole kama maji ya Malaysia yalikuwa matamu. Suyi alitaka kubaki na chupa zake. Hakuwahi kutaka kitu namna ile, na kwa sababu alikitaka sana, hakumwambia mtu.

Profesa alimkuta kantini, akavuta kiti bila kuomba ruhusa.

"Suyi, mwanangu, nitasema moja kwa moja. Nina nafasi, na nimekufikiria wewe. Unaitaka?"

Moyo wa Suyi ulipiga mpaka akaogopa utasikika. Akaweka kijiko chini taratibu, akainamisha macho.

"Hapana, Prof. Mimi bado sana. Kiingereza changu kibaya. Wapo wenzangu wanaofaa kuliko mimi."

Profesa akashangaa. "Una uhakika?"

"Prof ni mwema mno. Sistahili."

Profesa akashusha pumzi. "Nasikitika, sikufichi. Lakini nashukuru umeniambia ukweli. Wengi hunikubalia kwa haya, halafu wananitoroka katikati ya safari." Akampigapiga begani, akaondoka na mwendo wake ule wa kukimbiza treni.

Na Suyi? Suyi alimaliza wali wake kwa raha ambayo hajaionja tangu aje nchi ile. Alikuwa amecheza vizuri. Ameulizwa mara ya kwanza, amekataa. Ameulizwa mara ya pili, amekataa. Imebaki ya tatu, na hiyo ndiyo yenyewe. Alipofika chumbani akampigia mama yake simu ya picha.

"Amekupa?" mama akauliza, mikono imejaa pilipili.

"Amenipa."

"Ukadaka?"

"Nimekataa mara mbili, mama."

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndiyo mwanangu huyo. Sasa tulia. Wala usijipitishe pitishe mbele yake, atakuona una njaa."

Suyi akatulia. Alipanda ngazi za nyuma ili asikutane na Profesa. Alipomwona mbali alikata kona. Jumatatu alikaa nyuma ya Kah Meng, mwenye mabega mapana. Profesa naye, akiona binti wa watu anamkimbia, akajua kweli huyu hataki na anaona haya kubembelezwa, akamwacha apumue. Waswahili wanasema ngojangoja huumiza matumbo. La Suyi lilianza kunguruma wiki ya pili.

Jumapili jioni yeye na Miaomiao walikuwa jikoni wanafunga maandazi ya nyama na kabichi, yale ya kuchemsha. Miaomiao alikuwa kimya, jambo lisilo la kawaida.

"Dada, nikuulize kitu, usinifiche."

"Uliza."

"Prof amenipa ile nafasi."

Kisu cha Suyi kikasimama katikati ya kabichi.

"Amesema alikuuliza wewe kwanza, ukakataa. Nikamwambia, Prof, hiyo haiwezekani, labda hukumsikia vizuri. Akasema amekuuliza mara mbili. Kweli ulikataa?"

Angesema nini? Aseme nilikataa lakini naitaka? Hiyo ingekuwa sawa na kuvua nguo mbele ya mdogo wake. "Kweli," akasema.

"Huitaki kabisa?"

"Mimi? Ya nini? Mama anazeeka, mjomba ameshanipatia kazi. Chukua wewe."

Alilisema kwa ile sauti ambayo kwao hata mtoto wa chekechea angeielewa: thubutu uchukue uone. Mtu mwenye malezi angejibu, "Ah, dada, nitachukuaje wewe ukiwapo?" Na Suyi angejibu, na mwenzake angejibu, na mwisho wa yote jambo lingerudi kwa Profesa likiwa limenyooka. Miaomiao aliweka andazi chini akamtazama usoni.

"Dada, mimi sijui mafumbo. Ukisema kweli huitaki, nachukua."

"Chukua, chukua."

"Basi nachukua!" Akamrukia na kumkumbatia, mikono imejaa unga. "Dada, wewe una roho nzuri mpaka naona aibu!"

Roho hiyo nzuri ilikuwa inatokota wakati ule ule. Suyi alikula andazi moja, akasema ameshiba.

Tangu hapo wivu ukawa ndio kazi yake ya kwanza, masomo yakafuata. Alionea wivu ufunguo wa maabara uliokuwa ukining'inia shingoni mwa Miaomiao. Alionea wivu lile koti jipya jeupe lenye jina kifuani. Profesa alianza kumwita mwenzake "Miao" kwa mkato, kama watu wanavyomwita paka wao, na Suyi akaona wivu mpaka na hilo. Usoni alitabasamu. Alimsaidia hata kuchagua picha ya kuweka kwenye kitambulisho, akachagua ile aliyofumba jicho moja, na Miaomiao akaipenda.

Mama hakuuma maneno. "Huyo amepita mlango wa nyuma," alisema kwenye simu. "Amempelekea mwalimu zawadi. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Suyi alilipokea wazo hilo mara ya kwanza, bila kukataa hata kidogo. Akalipeleka kwa Kah Meng, akijua litafika mbali.

"Watu wanasema Miaomiao alimpelekea Prof majani ya chai ya bei," alisema, akijifanya anafuta hadubini.

"Watu gani?"

"Watu tu."

Kah Meng akacheka mpaka akakohoa. "Prof Zaleha? Mama yangu alimpelekea kikapu cha machungwa mwaka mpya, akakirudisha, na barua ya kushukuru juu yake. Mama alinuna mwezi mzima." Kisha akaacha kucheka. "Dada Suyi. Wewe uliulizwa, sivyo?"

"Niliulizwa."

"Ukasema hapana."

"Nilisema hapana ya adabu."

"Wee! Hapana ya adabu ndiyo ipi hiyo? Bibi yangu angekuelewa, Mungu amrehemu. Prof ni Mmalay wa Kuala Pilah aliyesomea Scotland, atajuaje? Mficha uchi hazai, dada."

"Basi tuseme mimi ndiye mjinga."

"Sijasema hivyo. Nimesema huyo mtoto hajakuibia kitu."

Maneno ya kweli hayamfai mtu mwenye wivu. Alikuwa anataka ya uongo na hakuyapata. Suyi aliondoka pale amemchukia Miaomiao zaidi, kwa sababu sasa hakuwa na sababu. Hasidi hana sababu, wanasema, na ndiyo adhabu yake.

Kisha likaja jambo la chupa. Wageni wa idara walikuwa wanatarajiwa, na Profesa alimpa Miaomiao kutayarisha fungu kubwa la doriani, kazi yake ya kwanza peke yake. Suyi alikuwa kwenye meza ya pili. Alimwona mwenzake akijaza, akishindilia, akiimba. Aliona pia kwamba vifuniko havikukaa sawa. Ile mipira ya kuzuia hewa ilikuwa imekunjamana, chupa baada ya chupa. Neno moja lingetosha. "Angalia mpira." Suyi alikuwa nalo neno hilo mdomoni, na safari hii lilikuwa tayari bila kutafsiriwa. Akalimeza. Akanawa mikono, akaaga kwa upole, akaenda zake.

Mkutano uliofuata alifika mapema, akakaa mbele. Nyuma ya kabati chupa zilikuwa zimeota ukungu mweusi, harufu imefika korido. Alitaka kumwona Miaomiao akikosa pa kuweka uso. Aliingoja saa hiyo kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Miaomiao akasimama. "Prof, nimeua zote. Zote! Sikubakiza shahidi."

"Zote?" Profesa akauliza kwa sauti kavu.

"Zote. Hewa imeingia. Kosa langu, sikuangalia mpira. Sikulala kwa aibu. Nipe adhabu, halafu nifundishe tena."

Profesa alimkaripia kweli kweli, tena mbele ya watu, kuhusu wageni na kuhusu kuimba kazini. Kisha akachukua chupa moja mbovu, akaifungua na kuichokoa kwa kijiko, akawaita wote waone ukungu ulivyoingia. Mwisho alikuwa amemshika Miaomiao bega, wanakodoa macho pamoja. Suyi aliona yote. Alikuja kumwona mtu akiaibika, akaishia kumwona mtu akisamehewa, na alimwonea wivu hata msamaha wenyewe. Yeye maisha yake yote alikuwa amejihadhari asikosee mbele ya watu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kumsamehe.

Watu walipotoka, Profesa akamwita abaki.

"Ulikuwapo Miao alipojaza zile chupa?"

"Nilikuwapo."

"Na wewe hukuuona ule mpira? Wewe, unayeisikia chupa ikivuja ukiwa nje?"

Bila kupanga kitenzi wala kukagua kitu, maneno yakamtoka Suyi. "Nilitaka iharibike."

Profesa akakaa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nafasi ni yangu."

"Lakini nilikupa, Suyi! Nilikupa wewe wa kwanza, ukaikataa."

"Nilikuwa nangoja Prof aniulize tena."

"Niliuliza mara mbili."

"Kwetu ni tatu."

Profesa alivua miwani akaishika mkononi, na kwa mara ya kwanza Suyi alimwona hana haraka ya kwenda popote. "Mtu mzima akiniambia hapana mara mbili, nikimuuliza tena nitakuwa namsumbua. Ndivyo nilivyoona. Nilisikitika, nikajua labda umechoka nasi. Ulikuwa unanikwepa hata kwenye ngazi."

"Mama alisema nisionyeshe njaa."

"Mungu wangu," Profesa akasema kwa sauti ndogo. "Sasa nifanyeje, mwanangu? Jina la Miao limeshapita kwenye kamati. Labda yeye mwenyewe ajitoe. Na mimi siwezi kumwomba hilo, kwa sababu hajakosa. Hata hizo chupa, wewe ndiye uliyemwachia akosee."

"Najua, Prof."

"Ningekuchukua wewe. Hilo ulijue. Sijui kama litakusaidia."

Halikumsaidia. Lilimkata maini.

Maabara ile ina kuta za mbao nyembamba, na Kah Meng alikuwa upande wa pili. Habari ilifika nyumbani kabla ya Suyi. Suyi alikuwa ametia tambi kwenye sufuria, adhuhuri, jasho linamtiririka, Miaomiao alipoingia jikoni, macho mekundu. Alisimama mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwa kawaida angekuwa ameshaonja mchuzi.

"Dada, kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza. Nilikutazama usoni nikakuuliza."

Suyi aliendelea kukoroga tambi.

"Na zile chupa. Uliniona?"

"Nilikuona."

Miaomiao akafuta pua kwa mkono. Kisha akajiweka sawa, akashusha macho, akaunganisha mikono tumboni, na sauti yake ikawa laini, si ile ya kila siku. "Basi, dada, chukua wewe. Wewe ndiye uliyetangulia, wewe ndiye uliyenipokea. Mimi bado mdogo, nitatafuta kwingine. Kesho nitamwambia Prof."

Suyi aliijua sauti ile. Aliijua kama anavyojua mlango wa nyumbani kwao. Hata Mudanjiang, kumbe, mtoto hufundishwa siku ya kuitumia. Ni sauti ya mtu anayetoa kwa heshima ya mkubwa wake, akijua mkubwa naye ana heshima, hatapokea. Zamu ilikuwa yake sasa kusema, "Thubutu! Ni yako, mdogo wangu, nani kakwambia mimi naitaka?" Wangelia kidogo, wangekula tambi, na dada angebaki dada. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, matamu, ya mtaani kwao.

Akazima jiko.

"Ndiyo," akasema. "Nipe."

Miaomiao aliinua macho. Rangi ilimtoka usoni, na kicheko kile kilichokuwa kimemuudhi Suyi muda wote hakikuonekana hata dalili.

"Dada... nilikuwa nasema kwa adabu."

"Najua."

"Siwezi kukupa. Nimeshamwambia baba. Baba ameita majirani wote."

"Hilo nalo najua."

"Sasa kwa nini unasema nikupe?"

"Kwa sababu naitaka!" Suyi akapiga kelele, na sauti ile ilimshtua yeye mwenyewe. "Naitaka, Miaomiao. Nilikuwa naitaka wewe hujajua hata Seremban iko wapi. Naitaka mpaka nakuchukia. Nachukia ufunguo wako, nachukia unavyocheka, nachukia Prof anavyokuita. Siku ya kitambulisho nilikuchagulia picha mbaya makusudi!"

"Ile ya jicho?"

"Ile ya jicho."

Miaomiao akamkazia macho, mikono ikaachiana, sauti ikarudi kuwa yake, nene, ya kaskazini.

"Na mimi naitaka," akasema. "Sikupi."

"Usinipe."

"Sikupi, dada. Hata ukilia."

"Sijaomba huruma yako. Umeniuliza, nimekujibu."

Akaanza kulia hata hivyo, kwa sauti, kamasi na yote, mbele ya mdogo wake, naye Miaomiao hakumsogelea. Mwezi uliofuata Suyi angepanda ndege kurudi Guizhou, kwenye kiti cha ofisi ya kodi, na wote wawili walilijua hilo wakiwa wamesimama pale. Tambi zilikuwa zimeanza kushikana sufuriani. Miaomiao akachukua bakuli, akajipakulia bila kukaribishwa, akaketi mezani. Suyi akajifuta uso kwa kitambaa cha jikoni, akachukua bakuli lake, akajipakulia zilizobaki zote.